Riverbu ya Springi ni Nini katika Kuchanganya Muziki?

Riverbu ni ule mvumo unaobaki hewani baada ya sauti yenyewe kukoma, kama anavyousikia mtu anayepiga makofi ndani ya ukumbi mtupu wenye kuta za saruji. Haifanani na mwangwi wa bondeni, ambao humrudishia mtu neno zima baada ya kitambo, kwa kuwa marejeo ya sauti katika riverbu ni mengi na yamesongamana kiasi kwamba sikio haliwezi kuyatenganisha. Riverbu ya springi ni mvumo wa namna hiyo uliopatikana bila ukumbi wowote, kwa waya wa chuma uliosokotwa na kuning'inizwa ndani ya kisanduku.

Mkondo wa umeme unaobeba sauti hupita kwenye koili, yaani waya uliozungushwa mizunguko mingi, koili ikaitikisa sumaku ndogo iliyofungwa kwenye ncha moja ya springi, na mtikisiko huo ukasafiri hadi ncha ya pili, ambako sumaku nyingine na koili yake huugeuza tena kuwa umeme. Safari moja huchukua takriban milisekunde 30 hadi 40, kisha mtikisiko hugonga mwisho, hurudi, huenda tena, ukipungua nguvu kila mara hadi unapokufa. Kwa kawaida springi huwa mbili au tatu zenye kasi tofauti, ili marejeo ya moja yajaze mapengo ya nyingine. Ladha yake hasa inatokana na tabia moja ya springi ambayo ukumbi hauna: ndani yake sauti nene hutangulia kufika na nyembamba huchelewa, hivyo pigo fupi lililoingia likiwa kavu, yaani bila mvumo, hutoka likiwa limevutika, likilia kama tone la maji lililoanguka ndani ya mtungi.

Kifaa hiki kilianzia kwenye simu, si kwenye muziki. Maabara ya Bell nchini Marekani ilitumia springi kuigiza ucheleweshaji wa sauti katika laini ndefu za simu, na katika miaka ya 1930 Laurens Hammond, mtengenezaji wa vinanda vya umeme, akaichukua kwa ajili ya vinanda vyake, kwa sababu wateja waliozoea kinanda cha kanisani walikiona cha sebuleni kuwa kikavu mno. Fender, kampuni ya Marekani ya magitaa na amplifaya, ilitoa kisanduku cha riverbu cha kujitegemea mwaka 1961, na mwaka 1963 ikaiweka springi ndani ya amplifaya ya Vibroverb. Huko Kingston, Jamaika, fundi mitambo King Tubby aliitumia kwa ujasiri zaidi, hata kukigonga kisanduku chenyewe ili springi zigongane na kutoa ngurumo katikati ya wimbo wa dabu, mtindo uliozaliwa kutokana na rege.

Anayechanganya muziki, yaani anayeunganisha na kusawazisha sauti za vyombo vya wimbo, asiitegemee springi imjengee picha ya ukumbi halisi, maana haiwezi. Aichukulie kama rangi ya chombo. Gitaa la umeme huipokea vizuri kuliko chombo kingine chochote, na kinanda na sauti ya mwimbaji hufuata. Sneya, ile ngoma yenye mlio mkali, huhitaji kiasi kidogo sana, kwa kuwa kila pigo kali huamsha ule mlio wa chuma. Ni vyema riverbu iwekwe kwenye chaneli yake ya pembeni, yaani njia ya sauti iliyo peke yake, ikitoa mvumo tu bila sauti ya awali, na kila chombo kipelekewe huko kwa kiasi kinachokifaa, huku filta ikikata sauti nene zilizo chini ya Hz 200 hivi kabla hazijaingia, kwa sababu zikiachwa zitagombana na besi na kuutia wimbo matope.

Kisanduku cha kawaida hutoa mkondo mmoja tu wa sauti (mono), usiogawanyika kushoto na kulia, na plagini nyingi, yaani programu za kompyuta, zinazokiiga hutunza tabia hiyo. Mimi naiona kuwa faida kubwa: gitaa likikaa kushoto na mvumo wake ukapelekwa kulia, nafasi inapanuka, na katikati panabaki wazi kwa mwimbaji.