Seva ina prosesa nane na bado neti inaganda: tunayoambiana Tanga na ukweli wake

Mafundi wenzangu wa Tanga, hili la seva ya mafaili kukwama neti nimelikuta mara nyingi mno, na kila nikiitwa nakuta watu washanunua kadi mpya ya neti, washabadili swichi, wengine washapiga mfumo upya kabisa na tatizo liko palepale. Inaniuma kwa sababu ni hela za watu zinateketea bure.

Wanasema ukiping, yaani ukiitumia seva kijumbe kidogo cha kuulizia kama ipo, ikijibu basi kadi na draiva (programu inayoiendesha kadi) viko poa. Si kweli jamani. Ping ya kawaida kwenye Linux inabeba baiti 56 tu, tena moja kila sekunde, huo sio mzigo. Draiva yenye kasoro itapokea vitu vidogo vidogo siku nzima bila shida, ila ipe faili la giga mbili uone. Kuna ofisi moja Chumbageni inachora ramani, ping inajibu chini ya milisekunde moja, lakini watu wawili wakianza kuvuta ramani kwa pamoja ule mstari wa kijani wa kukopi unafika katikati unasimama, unasubiri weee, afu unaendelea wenyewe kama hamna kilichotokea. Nikafungua dmesg, kumbukumbu za keneli ambayo ndo kiini cha mfumo wa Linux, nikakuta mstari umeandikwa NETDEV WATCHDOG, maana yake keneli imeipa kadi data itume, imesubiri haijaona imetoka, ikabidi draiva iiwashe kadi upya. Ping ingekwambia saa ngapi hayo?

Wanasema seva ikiwa na prosesa 8 haiwezi kuzidiwa na neti. Hapa ndo penye mambo. Kadi ikipokea data inaigutua prosesa ije kuichukua, huko kugutua ndo intarapti, na kadi nyingi za bei ndogo zina foleni moja tu ya kupokelea kwa hiyo kazi yote inaishia kwa prosesa moja. Andika cat /proc/interrupts utaona safu kuanzia CPU0 mpaka CPU7, shuka mpaka mstari wa kadi yako. Pale Chumbageni chini ya CPU0 palikuwa na namba ya tarakimu tisa, kwengine kote sifuri. Fungua top, programu ya kuonyesha kazi zinazoendelea, ubonyeze 1, unakuta prosesa ya kwanza imejaa, ksoftirqd/0, kazi ya keneli inayomalizia mambo ya intarapti kwenye prosesa hiyo, iko juu kabisa, na zile saba zimekaa tu kama wazee barazani. Ukiangalia wastani unaambiwa seva imetumika asilimia 12 na ushee, unajiridhisha unaenda zako kula.

Mtu atakwambia washa irqbalance, programu ya kugawa intarapti kwa prosesa mbalimbali. Sawa, kwa kadi yenye foleni nyingi inasaidia kweli, kila foleni inapata prosesa yake. Ila foleni moja huwezi kuigawa hivyo, hapo tumia RPS, njia ya keneli kugawa data zilizopokelewa kwa prosesa kadhaa, ipo kwenye keneli toka 2.6.35 ya mwaka 2010, unaiwekea kwenye faili la rps_cpus la hiyo foleni.

Afu kuna hili ambalo wengi hawalijui, kwamba prosesa nyingi ndo zinafichua kosa la draiva. Aliyeandika draiva akisahau kufunga kufuli sehemu moja, prosesa mbili zinaingia kwenye foleni ileile ya kadi kwa wakati mmoja, moja inaharibu kilichoandikwa na mwenzie, kadi inaganda. Mashine ya prosesa moja unaweza kukaa nayo miaka usilione. Kwa hiyo seva iwashe na maxcpus=1 (itumie prosesa moja tu) kwenye mstari wa keneli pale GRUB, menyu ya kuwashia mfumo, pitisha mzigo uleule uliokuwa unaigandisha. Ikitulia usiku mzima, anza kuishuku draiva kabla hujamtuma mtu dukani. Haijathibitisha mia kwa mia, maana prosesa moja inapunguza na kasi yenyewe, ila mie imenionyesha njia mara nyingi. Pale Chumbageni ilitulia, tukapanda keneli mpya zaidi, ile ya zamani tukaiacha GRUB kwa dharura, na kadi ni ileile mpaka leo.

Wanasema shusha draiva mpya kabisa yatakwisha. Angalia kwanza unatumia ipi kwa amri ya ethtool -i na jina la kadi. Draiva uliyoijenga kwa mkono imejengewa keneli ya wakati ule, keneli ikijiapdeti tu, asubuhi neti hamna.

Na wanasema hapa Tanga kila kitu ni chumvi ya bahari. Hili lina ukweli wake, nshachomoa plagi huko Raskazone pini zina ukijani. Lakini chumvi ina dalili zake. Gigabiti inataka nyaya zote 8 za kebo, megabiti 100 inatosheka na 4, kwa hiyo waya mmoja ukilegea unaweza kukuta laini imeshuka hadi 100 na kopi inaenda megabaiti 11 kwa sekunde wakati gigabiti inatakiwa ipite 100. Andika ethtool na jina la kadi usome spidi, afu ethtool -S utazame kama hesabu za CRC, yaani data zilizofika zimeharibika, zinapanda. Zikipanda badili kebo, draiva iache.

Usije ukalazimisha spidi kwa mkono upande mmoja tu. Seva ukiifunga kwenye 100 dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa pamoja) na swichi ikabaki otomatiki, swichi itakwenda nusu dupleksi (kimoja kwa zamu), data zinagongana, neti inatambaa na ping bado inakujibu vizuri tu.