Mgeni wa kudumu: dhana inayomhusu Mhindi aliyezaliwa hapa

Mgeni wa kudumu ni mtu aliyezaliwa mahali, akakulia hapo, akasoma hapo na ana kitambulisho cha hapo, lakini wenzake wanaendelea kumwona kama aliyeshuka bandarini jana. Hakuna sheria inayomwita mgeni. Kinachomfanya mgeni ni mambo madogo ya kila siku: salamu, utani, bei ya nyanya, hata sifa. Dhana hii imeandikwa sana na wasomi wa Marekani wanaochunguza maisha ya raia wenzao wenye asili ya Uchina, Japani, Korea, Ufilipino na India. Sisi Wahindi wa Afrika Mashariki hatukuhitaji kuisoma kwao ili tuielewe.

Nasema "Wahindi" kwa kuwa ndivyo tunavyoitwa. Lakini ndani yake mmo Makhoja, Mabohora, Mabaniani, Makalasinga, Magoa, Wakumbaro, Wakachi wa madhehebu ya Sunni, na wengine ambao babu zao walitoka sehemu ambayo leo ni Pakistani. Mgoa ni Mkatoliki anayekwenda misa, Mbohora ni Mwislamu, Mbaniani hagusi nyama. Mitaani wote hao ni mtu mmoja, na mtu huyo ni tajiri, ni bahili, ana duka, hajui Kiswahili ila cha kubabaisha, na fedha zake ziko Kanada. Fikra mgando ndiyo hiyo: picha iliyokwisha kuchorwa kabla hujafungua mdomo, na lolote utakalofanya baadaye linasomwa kupitia picha ile.

Nianze na utajiri, maana huo ndio unaonichosha kuliko yote. Baba yangu alikuwa fundi magari Tanga. Si mwenye gereji, fundi wa kuajiriwa, wa kulala chini ya lori na kurudi nyumbani na oili kwenye kucha. Tulipanga vyumba viwili Ngamiani na ada ya shule ililipwa kwa kudunduliza. Mimi leo ni muuguzi katika hospitali ya serikali Dar es Salaam. Nikienda sokoni na muuguzi mwenzangu, tukasimama kwenye meza moja, yeye anaambiwa fungu la nyanya ni elfu moja na mimi naambiwa elfu mbili. Nikiuliza sababu, najibiwa kwa kicheko: "Bosi, wewe utashindwaje na elfu mbili?" Yeye ni dada, mama aliyesimama nyuma yetu ni mama, mimi ni bosi. Mshahara wangu na wa mwenzangu ni wa daraja moja. Wodini nako wagonjwa huniita daktari, na nikisema mimi ni nesi, wapo wanaoniuliza imekuwaje, kana kwamba familia yetu imefilisika.

Picha hii ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya kikoloni. Wafanyabiashara wa Kachi na Gujarati walikuwako Zanzibar na pwani kabla ya Mwingereza na Mjerumani kugawana nchi. Baadaye ikaja reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 na kufika Ziwa Viktoria 1901. Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Takribani 2,500 walikufa kwenye ujenzi huo, na wengi wa waliobaki hai walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Wakoloni waliipanga jamii kwa ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, kila mmoja na shule yake, hospitali yake na mtaa wake. Dar es Salaam iligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kenya, mashamba yenye rutuba ya nyanda za juu yalitengwa kwa ajili ya Wazungu, Mhindi hakuruhusiwa kuyamiliki. Mtu aliyezuiwa kumiliki shamba zuri na kushika madaraka, njia iliyobaki wazi ni duka, ufundi na ukarani. Mwafrika wa kawaida alikutana na Mhindi mbele ya kaunta, mmoja akinunua na mwingine akipokea hela. Waashi, maseremala na makarani wa reli, ambao nao walikuwa Wahindi, hawakuonekana kwa sababu hawakuwa na kaunta.

Kuna watu wazuri kabisa wanaoamini kwamba fikra mgando ya kusifu haina ubaya. "Wahindi mna akili ya biashara." "Wahindi mnasaidiana sana." "Ee, unaongea Kiswahili vizuri!" Hii ya mwisho naisikia nikiwa na miaka zaidi ya arobaini, kutoka kwa watu niliowazidi umri na ambao Kiswahili nilikijua kabla hawajazaliwa. Sifa hiyo ina kanuni ndani yake: Kiswahili si chako, umejitahidi kukiazima. Wamarekani wenye asili ya Asia wameliona jambo hili kwa macho. Mwaka 1942 serikali yao iliwakusanya watu wa asili ya Kijapani wapatao 120,000 na kuwafungia kambini, theluthi mbili wakiwa raia waliozaliwa Marekani, kwa hofu kwamba damu yao ingewafanya waitumikie Japani. Katika miaka ya 1960 magazeti ya nchi hiyohiyo yakaanza kuwasifu wao na wenzao wa asili ya Kichina kama jamii ya mfano, wachapakazi wasiolalamika. Kisha mwaka 1982, wakati viwanda vya magari vya Marekani vilipobanwa na magari ya Kijapani, kijana Mmarekani wa asili ya Kichina aitwaye Vincent Chin alipigwa katika eneo la Detroit hadi kufa na watu wawili wa sekta hiyo ya magari. Hakuwa hata Mjapani. Kusifiwa miaka ya 1960 hakukumfanya mtu wa nyumbani.

Najua nitaambiwa kwamba Tanzania kila mtu huulizwa kwao wapi. Ni kweli, na swali hilo lenyewe silichukii. Tofauti iko kwenye jibu. Mchaga akisema Moshi, mazungumzo yanaendelea. Mimi nilipokwenda ofisi moja kushughulikia hati zangu, ilikuwa hivi:

"Kwenu wapi?"

"Tanga."

"Sawa, Tanga. Lakini kwenu hasa?"

"Ngamiani."

"Dada, hujanielewa. Asili yako."

"Babu wa baba yangu alitoka Kachi, India."

"Ahaa," akasema, na hapo ndipo kalamu ilipogusa karatasi.

Kisha akataka cheti cha kuzaliwa cha babu yangu. Babu alizaliwa Pangani enzi ambazo watu wengi, wa rangi zote, walizaliwa nyumbani bila cheti. Kijana Mnyakyusa aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alimaliza shida kama yangu kwa cheti chake mwenyewe. Karani hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti, aliniita dada, na naamini alidhani anafanya kazi yake kwa uangalifu. Ndiyo maana jambo hili linachosha, kwani huna adui wa kugombana naye. Una watu wapole, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anadhani yeye ndiye wa kwanza kuuliza.

Linganisha na mkunga mmoja tuliyepangwa naye zamu za usiku. Naye aliniuliza kwetu wapi, nikamwambia Tanga. Akauliza, "Barabara ya ngapi?" Nikasema ya kumi na mbili. Akasema shangazi yake alikuwa akiuza vitumbua barabara ya kumi na tatu, na tukaishia kwenye habari za soko la Mgandini mpaka mgonjwa alipotuita. Alilipokea jibu langu kama lilivyo.

Sasa, kuna jambo ambalo Wahindi wenzangu hawapendi lisemwe, na lazima lisemwe. Wapo kati yetu wanaomdharau Mwafrika: anayemwita mtu mzima "boi", anayemlipa mfanyakazi wa ndani kidogo na kumtengea kikombe chake, anayesema wazi kwamba binti yake haolewi na mweusi. Hizo si hadithi za kutungwa, nimekulia katikati yake. Anayelalamika juu ya mambo hayo hana fikra mgando. Anasema alilotendewa, na nani kamtendea. Kumlaumu mwajiri fulani kwa mshahara alioudhulumu ni haki. Ikiwa lawama hiyo inamfuata mtoto wa darasa la tatu kwa sababu ya nywele zake, hapo tumetoka kwenye haki. Nasisitiza mpaka huu kwa sababu watu hutumia makosa ya kweli ya baadhi yetu kuhalalisha picha ya wote, na wengine kwetu hutumia ubaya wa picha hiyo kukwepa kujibu makosa ya kweli.

Na picha ikiachwa ikomae, kuna mahali inafika. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Aliwashutumu kwamba walikamua ng'ombe bila kumlisha, na maneno hayo yaliingia masikioni kwa urahisi kwa sababu yalikuwa yamesemwa vijiweni kwa miaka. Maelfu waliokuwa na uraia wa Uganda waliambiwa hati zao hazifai. Uingereza ilipokea zaidi ya 27,000. Kabla hawajafika, baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Uganda kuwashauri, kwa faida yao na ya familia zao, wasiende Leicester. Mtu aliyezaliwa Jinja alifukuzwa kwa kuwa ni Mhindi, akafika kwenye mvua ya Uingereza akaambiwa arudi kwao. Kwao ni Jinja. Nadhani hakuna mfano unaoeleza dhana hii kwa ukamilifu kuliko huo.

Picha ya mwenye duka pia inafuta watu. Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Kenya, alidai uhuru kamili hadharani Nairobi mwaka 1950, wakati wanasiasa wengi walikuwa bado wanaomba mageuzi. Wakoloni walimweka kizuizini hadi 1961. Pio Gama Pinto, Mgoa mzaliwa wa Nairobi, aliwekwa kizuizini mwaka 1954 kwa kuwasaidia wapigania ardhi na uhuru wa Mau Mau, na baada ya uhuru akauawa kwa risasi nje ya nyumba yake tarehe 24 Februari 1965. Kwetu Tanganyika, Sophia Mustafa aliingia Baraza la Kutunga Sheria 1958 akiungwa mkono na TANU, na Amir Jamal alishika wizara ya fedha kwa miaka mingi. Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia utolewe kwa rangi, Nyerere aliwapinga vikali bungeni. Haya yote mtoto wa shule anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuyasikia, huku utani wa "veve nakuja", wa kuiga Kiswahili cha Wahindi, akiwa anaujua tangu chekechea.

Wachina, Wajapani na Wakorea wanaoishi kwetu wana lao. Wote ni "Mchina", na watoto huwafuata mitaani wakiiga sauti wanayodhani ni lugha yao. Wazazi wanaosimama pembeni hucheka. Mzazi ndiye wa kumkemea mtoto, na papo hapo.

Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ya Kenya iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hiyo. Ndugu zangu wa Mombasa waligawanyika. Mjomba wangu alilikata tangazo hilo kwenye gazeti akalitundika sebuleni. Binti yake alikasirika: yeye ni Mkenya tangu azaliwe, na hakumwomba mtu yeyote ampe kabila. Nampenda mjomba na naielewa furaha yake, lakini katika hili niko na binti yake.