Kimya si jibu: dhana zinazowatesa wanaongojea ajira ya serikali

"Dada, nafasi hizo zimeshaliwa kitambo. Sisi tunangojea nini?"

Maneno hayo niliambiwa Jumatatu na mama mmoja aliyekuja hapa Amu, mji wa Kaunti ya Lamu nchini Kenya, na boti ya asubuhi kutoka Faza pamoja na kijana wake, mhitimu wa shahada ya uhasibu. Tangazo la kazi lilifungwa Machi, sasa ni Agosti, na simu ya kijana haijalia. Alikuwa mtu wa tatu kuniambia hivyo ndani ya wiki mbili, na kila mara nimejibu kwa mdomo mpaka sauti ikakauka. Safari hii naandika.

Nimefanya kazi ya rasilimali watu serikalini kwa miaka 19, mingi yake nikiwa katika sekretarieti ya majopo ya mahojiano. Nimestaafu, na vijana wa hapa mjini na wa visiwani huniletea fomu zao niwasomee kabla hazijatumwa. Kujaza fomu wanajua. Kungojea ndiko kunakowashinda.

Dhana: Kimya maana yake umekataliwa, au nafasi imeshapewa mtu

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu nimeona ikiwanyima watu kazi walizokuwa wamezipata.

Baada ya tangazo kufungwa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka bodi ya utumishi wa umma ya kaunti iweke kumbukumbu za maombi yote iliyopokea, ya waliofaa na ya wasiofaa. Nakumbuka tangazo moja la nafasi 4 lililotuletea bahasha za kujaza makabati mawili ya chuma. Tulikuwa watu watatu wa kuzifungua, kuzipa nambari na kuziandika moja moja. Hapo bado hujaanza kumlinganisha mtu yeyote na masharti ya tangazo. Ukimaliza unatengeneza orodha ndefu, halafu orodha fupi, halafu bodi inakaa kuipitisha hiyo orodha fupi. Ndipo majina yatangazwe na siku za mahojiano zipangwe.

Mahojiano yakiisha watu hudhani barua inachapwa jioni hiyo hiyo. La. Alama za kila mwanajopo zinajumlishwa, taarifa inaandikwa, na bodi nzima inakaa tena kuamua. Kisha vyeti vinahakikiwa kwa Baraza la Mitihani na vyuo vikuu, na hatua hii siku hizi haifanyiwi mchezo. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti katika taasisi za serikali ulifichua vya kughushi zaidi ya 2,000. Kila mwenye cheti halali anayengojea leo analipia muda wa wale walioghushi jana, na hilo lapasa kumkasirisha kuliko ukimya wenyewe.

Kisha kuna pesa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na nafasi mpya haiwezi kujazwa kabla mshahara wake haujawekwa kwenye bajeti. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema mishahara na marupurupu isipite asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kaunti iliyokaribia au kuuvuka mpaka huo inaweza kuhoji watu Februari na isithubutu kutoa barua mpaka idara ya fedha ikubali. Na mgao wa Hazina Kuu ukichelewa, hata aliyekwisha kuajiriwa halipwi kwa wakati, seuze anayesubiri kuingia.

Yapo pia mambo yasiyopita kichwani mwa mwombaji. Wanachama wa bodi ya kaunti hutumikia kipindi kimoja cha miaka 6 tu. Kipindi kikiisha na warithi wao hawajaapishwa, hakuna wa kupitisha hata jina moja, ingawa makaratasi yote yako tayari mezani. Au mtu mmoja ambaye humjui amekwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kupinga tangazo, jaji ametoa amri ya kusimamisha kila kitu, na wewe Kizingitini unamlaumu diwani wako.

Sisemi upendeleo haupo. Upo, nimeuona kwa macho yangu na ulinikosesha usingizi. Lakini katika miaka yote hiyo, uajiri uliopangiwa mtu ulikuwa ukienda mbio. Tangazo hutoka kimyakimya, mahojiano hufanywa haraka, na barua hutoka kabla watu hawajauliza. Kwa hiyo anayeniambia kwamba miezi mitano ya kimya ni ushahidi wa nafasi kuliwa, ameshika kamba kwa ncha isiyokuwa yake.

Sasa madhara yake. Kijana mmoja wa upande wa Siyu aliomba kazi ya afisa wa uvuvi, akangojea miezi minne, akajiambia ameshakataliwa. Akaiuza simu pamoja na laini na kununua laini nyingine ya mtandao uliokuwa na bando za bei nafuu. Baruapepe aliyofunguliwa na mwenye saiba hakuigusa tena. Mwezi wa sita aliitwa kwa mahojiano. Ujumbe ulikwenda kwenye laini ambayo sasa ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine, na orodha ikatundikwa mahali ambapo hakwenda kuangalia kwa sababu alikuwa na hakika hayumo. Alikuja kwangu siku tisa baada ya mahojiano kupita. Niliandika barua kuomba apangiwe siku nyingine, na haikufaa kitu. Yule kijana hakunyang'anywa nafasi na mtu. Dhana ndiyo iliyomnyang'anya, na kila mtu mzima barazani aliyemwambia "wameshakula hao" alimsaidia kupotea.

Basi nawasihi: laini uliyoiandika kwenye fomu ni sehemu ya maombi yako. Usiiuze, usiigawe, wala usiiache ikae bila kutumika mpaka kampuni ikaifunga.

Dhana: Mwenye mtu ndani anaweza kulisukuma faili

Faili haliko kwenye meza ya mtu mmoja likingoja kusukumwa. Nimeeleza hapo juu ni mikono mingapi inaligusa na ni vikao vingapi vinalipitisha. Huyo "mtu wa ndani" anayekuomba elfu ishirini kwa M-Pesa mara nyingi hata jengo lenyewe halijui. Hila yake ni nyepesi mno: anachukua pesa za watu thelathini, hafanyi lolote, na wawili watatu wakiitwa kwa juhudi zao wenyewe anadai ni kazi yake. Hao ndio wanaompigia tarumbeta mjini. Waliobaki wanaona haya kusema.

Wazazi wameuza dhahabu ya harusi kwa ajili ya watu hawa. Nimemwona mama akitoa pesa za chama. Sheria ya Hongo ya 2016 haimtazami mpokeaji peke yake. Mtoaji naye ana hatia, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Na soma tena chini ya tangazo la kazi: ushawishi wa aina yoyote unamwondoa mwombaji. Mbunge akikupigia simu ya kukuombea, anaweza kukuharibia jina ambalo alama zako zilikuwa zinalijenga vizuri.

Dhana: Jina likitoka kwenye orodha fupi, kazi ni yako

Huitwa watu kadhaa kwa kila nafasi moja. Jiandae na uvae nguo safi. Beba vitambulisho na vyeti halisi, wala usichinje mbuzi.

Dhana: Nilipata alama za juu nikaachwa, kwa hiyo nimedhulumiwa

Inawezekana. Lakini kabla ya kusema hivyo, jua sheria inavyoamuru. Ibara ya 232 ya Katiba inataja ushindani wa haki na ustahiki kuwa msingi wa uteuzi, na hapo hapo inadai utumishi wa umma uwakilishe jamii zote za Kenya na utoe nafasi ya kutosha kwa wanawake, wanaume na watu wenye ulemavu. Sheria ya kaunti nayo inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi kwenye kaunti hiyo.

Watu huipenda kanuni hii inapowafaa na kuilaani isipowafaa. Hapa kwetu tuna Waamu na Wabajuni, Waboni, Wasanye, Waorma, Wagiriama, Wapokomo, na Wakikuyu wa Mpeketoni. Mtoto wa Kiboni anayetoka Basuba, ambako shule yenyewe imefungwa mara kwa mara kwa sababu ya usalama, akifika chuo kikuu na kupita mahojiano, sioni ni kwa nini mwana wa mtaa wa Langoni hapa Amu aliyesoma hatua chache kutoka kwao aumie kumwona akichukuliwa kwa tofauti ya alama mbili. Hili ni jambo ninaloliamini kwa moyo wote, wala si kwa sababu sheria imelisema.

Dhana: Mafunzo ya kazini ya Tume ya Utumishi wa Umma hugeuka ajira

Hayageuki. Mpango wa Tume wa kuwapa wahitimu uzoefu ni wa miezi 12, una posho, na ukiisha umeisha. Unakupa uzoefu ulioandikwa na watu wa kukushuhudia, ambavyo vina thamani kubwa katika maombi yajayo. Lakini usikae mwaka mzima ukidhani kiti hicho kimekuwa chako. Endelea kuomba kazi nyingine ukiwa humo humo.

Dhana: Nikusanye vyeti vyote vya Sura ya Sita ningali nangoja

Hivi ni vyeti vya kuthibitisha uadilifu wa mwombaji kama Katiba inavyotaka, kikiwemo cha kodi na cha mkopo wa elimu ya juu. Cheti cha kodi hudumu miezi 12. Ukikichukua siku ya kutuma maombi, huenda siku ya barua kimekwisha, ukalipie nauli nyingine. Tangu sheria ya ajira irekebishwe 2022, mwajiri hudai vyeti hivi anapokuwa amekwisha kusudia kukupa kazi. Lakini kama deni lako la mkopo wa elimu ya juu halijaanza kulipwa wala kujadiliwa, hilo lianze leo, kwa maana halimalizwi kwa siku mbili.

Dhana: Nikianza jambo jingine nitaonekana sina haja na kazi

Hakuna jopo lililowahi kumpunguzia mtu alama kwa kuuza samaki au kufundisha masomo ya jioni. Hata swali la "umekuwa ukifanya nini tangu umalize chuo?" huulizwa, na anayejibu "nilikuwa nangojea" hunyong'onyea mwenyewe kitini. Kijana wa uhasibu, wako wavuvi hapa wanaomiliki mashine za boti mbili na tatu na hawajui walipata au walihasiri nini mwezi uliopita. Nenda ukawaandikie hesabu zao.

Dhana: Hakuna pa kuuliza

Pako, na hapauliziwi kwa mlinzi wa lango kule Mokowe, makao makuu ya kaunti. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 unaandika barua au baruapepe, unataja nambari ya tangazo na unachotaka kujua, na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Uliza jambo linalojibika: je, orodha fupi imepitishwa? Imetangazwa wapi? Je, mchakato umesimamishwa na amri ya mahakama? Ukiuliza "nitapata kazi lini?" hutajibiwa, kwani hakuna anayejua. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Na kama bodi ya kaunti imeshaamua, nawe una sababu ya kuamini imekosea, kuna rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Iwe kwa maandishi, na ndani ya siku 90 tangu uamuzi. Wengi hunijia mwezi wa saba baada ya uamuzi, wamejaa uchungu wa haki na mikono mitupu. Siku 90 zimepita, na nakala ya fomu waliyotuma hawana.

Kwa hiyo kila anayenijia humwambia anunue daftari la kurasa 48. Humo aandike nambari ya tangazo, tarehe ya kutuma, laini na baruapepe aliyotumia pamoja na neno lake la siri, na aweke picha ya fomu yenyewe. Kila Jumanne aangalie gazeti la MyGov na tovuti ya Tume ya Utumishi wa Umma au ya kaunti, aandike tarehe aliyoangalia, kisha arudi kwenye shughuli zake. Na wa visiwani waandike kwenye fomu nambari ya pili ya ndugu aliyeko Amu, mtu asiyekwenda baharini, kwa maana boti ya Faza hufuata maji na ujumbe wa mahojiano ya kesho asubuhi hauyangojei maji.

Mama wa Faza alilinunua daftari pale pale dukani chini, akalitia mkobani mwake mwenyewe. Kijana tulipofungua baruapepe yake alikuta ujumbe wa wiki tatu nyuma unaomtaka atume upya nakala ya cheti ambayo haikusomeka. Siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Tuliituma saa saba na robo, kabla boti yao haijaondoka.