Nani atahesabu mara ya pili?

Ami yangu wa Kizingitini, kule Lamu, ni wakala wa samaki. Ana daftari lenye jalada jeusi, na kila boti inayoshusha pale anaiandika: nahodha ni nani, kilo ngapi za kamba, ngapi za samaki, bei ya siku ile, na deni la barafu na mafuta lililobaki. Hakuna aliyemfundisha wala aliyemlipa posho ya kuandika. Daftari likijaa anafungua jingine. Ya zamani yamo ndani ya sanduku la bati, na mengine yameshaliwa na mchwa.

Nalitaja daftari hilo kwa sababu kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusaidia ofisi za takwimu za serikali katika nchi zilizotoka vitani, au ambazo vita vyake havijaisha vizuri, kwa fedha za wafadhili. Nikirudi Lamu, wazee wa barazani huniuliza huko nafanya nini hasa, nami hushindwa kuwajibu kabla kahawa haijapoa. Safari hii nimeona niandike.

Chukua Somalia, jirani yetu, ambayo ukiwa Kiunga umeshafika mlangoni mwake. Sensa ya 1975 ndiyo ya mwisho ambayo matokeo yake yalitangazwa kwa umma. Nyingine ilifanywa 1986 hadi 1987, lakini matokeo yake hayakuchapishwa kikamilifu. Serikali ikaanguka 1991. Kwa zaidi ya miaka 20 kila shirika lilikuwa na idadi yake ya Wasomali, na zote zilikuwa makisio yaliyojengwa juu ya makisio. Mwaka 2014 ndipo UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, pamoja na mamlaka za huko, ilipotoa makadirio yaliyotokana na utafiti wa nchi nzima: watu milioni 12.3.

Kukosa sensa si kukosa idadi ya watu tu. Ukitaka kujua maskini ni wangapi, huwezi kumwendea kila mtu. Unateua kaya chache kwa kura. Lakini kura inataka kapu lenye vijikaratasi vyote ndani, na kapu hilo ndilo sisi wa takwimu twaliita fremu ya sampuli. Kwa kawaida fremu hutoka kwenye sensa. Sensa ikiwa ya zamani kiasi kwamba mitaa mizima imehama na mingine imeota, kapu lako lina majina ya marehemu na halina ya walio hai.

Kwa hivyo watu wakabuni. Unachukua picha za setilaiti, unaugawa mji kwa miraba, unahesabu mapaa, kisha unapiga kura juu ya miraba. Paa jingine utalikuta ni zizi la mbuzi, jingine ni nyumba iliyohamwa tangu ukame uliopita, na karani wa utafiti lazima awe na kanuni ya kufanya nini akifika hapo, la sivyo ataingia nyumba iliyo karibu na kivuli. Wafugaji wanaohamahama ndio mtihani mkubwa zaidi, maana hawana paa la kukaa pichani. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2017 na 2018 uliwafuata kwenye visima na mabwawa. Mtu huhama apendavyo, lakini ngamia wake atakunywa mahali. Hapo tena huzuka hesabu nyingine: kaya inayonywesha kwenye visima vitatu ina nafasi tatu za kuteuliwa, kwa hivyo inabidi uulize wanakuja mara ngapi na wapi, kisha uipunguzie uzito kwenye hesabu ya mwisho.

Na kuna suala la muda. Dodoso la kawaida la matumizi ya kaya huuliza vitu mamia, toka unga na sukari hadi viberiti, na linaweza kula nusu siku. Kwenye mtaa usio salama, karani akikaa nyumba moja nusu siku habari zake zimeshafika asikotaka zifike. Kikomo kikawekwa: saa moja. Unampataje mtu matumizi yake yote kwa saa moja? Vyakula vinavyoliwa na wengi huulizwa kila nyumba. Vilivyobaki hugawanywa mafungu manne, na kila nyumba hupata fungu moja tu, kwa kura. Nyumba hii huulizwa fungu la kwanza, ya pili yake la tatu. Baadaye, kwa hesabu, unakisia yale ambayo nyumba hii haikuulizwa kutokana na nyumba zinazofanana nayo zilizoulizwa. Nakiri kwamba kama kazi ya fundi, hii ni safi kuliko nyingi nilizoziona katika nchi zenye amani.

Sasa uliza: hesabu hiyo ya kujaza mapengo hufanyiwa wapi? Ndipo kazi yetu inaponikera. Ofisi ya takwimu ya wenyeji hutoa makarani na magari, waziri hukata utepe, lakini takwimu ghafi hupaa usiku uleule kwenda kwenye seva iliyo bara jingine, na miezi kadhaa baadaye hurudi ripoti yenye jalada la kung'aa. Wenyeji wamejifunza kubeba tableti. Kupika, yaani kuzichambua takwimu zenyewe, hawakujifunza, na jikoni kwenyewe hawakupaona.

Yalinipata mimi mwenyewe, katika nchi nitakayoiacha bila jina. Tulifanya utafiti wa kaya, ukasifiwa. Miaka miwili baadaye ofisi ikataka kuurudia. Programu za uchambuzi zilikuwa kwenye kompyuta ya mshauri mmoja aliyekwisha maliza mkataba. Nywila za seva zilikuwa na kampuni ya ushauri ambayo mradi wake ulishafungwa, na walipopigiwa simu walitutumia kwanza bei, salamu baadaye. Kijana wa pekee aliyeelewa namna ya kukokotoa uzito wa sampuli, yaani kila kaya iliyoulizwa inasimama badala ya kaya ngapi, alikuwa ameajiriwa na shirika la misaada kwa mshahara mara tatu ya ule wa serikali, tena shirika hilohilo lililokuwa likilipia mafunzo ya ofisi. Sikumlaumu. Ana watoto. Tulianza upya, kwa dodoso jipya la mfadhili mpya.

Tangu siku hiyo kipimo changu cha mradi wowote wa kujenga uwezo wa takwimu ni kimoja: utafiti uleule unaweza kufanywa mara ya pili bila sisi? Idadi ya waliohudhuria warsha hainiambii kitu. (Na warsha zenyewe! Nchi ya watu, lakini mafunzo yafanyika Nairobi kwa kuwa bima ya mkufunzi haimruhusu kulala katika mji mkuu wao. Wanafunzi hurudi na cheti na viatu vipya.)

Turudi Somalia uone kukosekana kwa mara ya pili kunagharimu nini. Utafiti wa 2017 na 2018 ulikuta karibu watu 69 katika kila 100 wako chini ya mstari wa umaskini. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2022, uliosimamiwa na ofisi ya takwimu ya nchi yenyewe, ukakuta karibu 54. Mwandishi wa habari atakimbilia kusema umaskini umepungua. Huwezi kusema hivyo. Dodoso si lile, na njia ya kupima si ile. Ni tafiti mbili, kila moja nzuri kwa nafsi yake, na baina yake swali ambalo waziri yeyote angependa lijibiwe halina jibu.

Hata hivyo ule wa 2022 mimi nauhesabu kuwa hatua. Somalia ilipata sheria ya takwimu mwaka 2020, na sheria hiyo ndiyo iliyounda ofisi ya taifa ya takwimu waliyonayo sasa. Na kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Katika masharti ambayo nchi hiyo ilipewa ili ifikie msamaha wa madeni, msamaha uliokamilika Desemba 2023, lilikuwemo la takwimu: ichapishe kitabu chake cha takwimu za mwaka, kwa uchache matoleo mawili. Yeyote aliyeandika sharti hilo aliijua kazi. Toleo moja hata mshauri mmoja na mpiga chapa mmoja watalitoa. Toleo la pili linataka ofisi.

Fedha ni chache, hilo nalisema haraka kwa sababu kila mtu wa fani yangu hulisema. Katika misaada yote ya maendeleo duniani, sehemu inayokwenda kwenye takwimu ni karibu theluthi moja ya asilimia moja. Kibaya kuliko uchache ni tabia ya fedha zenyewe. Tafiti za afya na idadi ya watu ambazo nchi nyingi za Afrika zilizitegemea kujua watoto wangapi wanakufa na wangapi wamechanjwa zililipiwa na Marekani tangu 1984. Februari 2025 mradi huo ulisimamishwa. Kuna nchi zilizokuwa katikati ya kazi, madodoso yameanza kujazwa.

Na liko lisilotatuliwa kwa fedha wala kwa setilaiti. Sudan ilifanya sensa Aprili 2008 kwa msaada mkubwa wa kigeni. Ikasema kusini wako milioni 8.26, na serikali ya kusini ikaikataa, kwa sababu mgao wa madaraka na mali ulining'inia kwenye namba hiyo. Wala tusiwacheke. Hapa kwetu Kenya, ofisi ya takwimu ina sheria yake ya 2006 na wataalamu wa kutosha, lakini sensa ya 2009 ilipotangazwa mwaka uliofuata, matokeo ya wilaya nane za kaskazini yalifutwa na waziri kwamba yamepita kiasi, na kesi zikaenda mahakamani. Lamu tulikuwa 101,539 katika sensa ile, na 143,920 katika ile ya 2019. Nenda kaitaje namba hiyo barazani uone kama kahawa itanyweka. Mmoja atasema wageni wamezidi, wa pili atasema wavuvi hawakuhesabiwa, wa tatu atauliza makarani walifikaje vijiji vya msitu wa Boni na njia yenyewe yapita askari. Namba ni viti vya bunge na ni mgao wa fedha za kaunti. Mtu haipokei kama apokeavyo habari ya mvua.

Yaliyofaulu, katika niliyoyaona, ni ya polepole na hayana picha za kupendeza. Ofisi za takwimu za Norway na Sweden zimekuwa zikifanya kazi kwa miaka mingi na wenzao wa Malawi na Msumbiji, ofisi kwa ofisi, mtu akikaa na mwenzake dawati kwa dawati. Na kuna takwimu za bei. Kila mwezi, masoko yaleyale, bidhaa zilezile, karani yuleyule ikiwezekana. Mfumuko wa bei hausubiri mradi. Benki kuu na hazina wanauuliza kila mwezi, na ukichelewa simu italia. Karani akikosea mwezi huu, mwezi ujao atajirekebisha. Nikipewa fedha za kazi moja tu katika nchi tete, ningelipa mishahara ya makarani wa bei kwa miaka kumi. Niliwahi kuliandika hilo kwenye pendekezo. Likarudi limepigwa mstari: mishahara si matumizi yanayokubalika, lakini magari mawili yanakubalika.

Katika mji mmoja wa pwani huko nilikofanya kazi yuko binti aliyeanza nami kama karani wa bei, na sasa ndiye anayefunga hesabu za mwezi. Tumebaki kuandikiana. Mwezi wa sita alinitumia swali: "Mwalimu, kusi limekaza, nguru hayuko sokoni wiki ya tatu. Niache pengo, nirudie bei ya mwezi uliopita, au niweke samaki mwingine?" Swali hilo limewahi kunitoa jasho mbele ya maprofesa. Vitabu vina majibu, lakini kwanza lazima ujue wanunuzi wenyewe hufanya nini.

Nikampigia ami Kizingitini. Akacheka. "Mwanangu, kusi likivuma watu hawaachi kula samaki. Boti haziendi nje, wavua ndani ya mikoko. Hula tafi." Nikamuuliza bei ya tafi hupanda kiasi gani nguru akiadimika. Akaniambia nisubiri kwenye simu, nikasikia bati la sanduku likifunguliwa.