“Msimtaje, Mtamliza Mama”: Dhana Potofu za Krismasi Baada ya Msiba

Novemba ikianza tu, sisi tunaofanya ushauri nasaha na wafiwa hapa Uganda tunajua tutakachosikia. Familia inajiandaa kurudi kijijini, Masaka au Mbale au Gulu, nauli za basi zimeanza kupanda, na mkubwa mmoja wa ukoo amekwisha kutoa agizo: mwaka huu jina la marehemu lisitajwe mezani. Mama asije akalia. Wageni wasikose raha. Watoto wasiharibiwe sikukuu. Agizo hutolewa kwa huruma, lakini limeharibu Krismasi nyingi kuliko machozi yanavyoweza kuziharibu. Hili nitalieleza kwa kirefu kwa kuwa limenichosha. Mengine nitayapitia mbiombio.

“Kumtaja ni kumkumbusha mjane”

Mtu hakumbushwi jambo ambalo hajalisahau. Angalia jiko la nyumba ya Kiganda asubuhi ya tarehe 25. Luwombo hufungwa moja moja: jani changa la mgomba hupunguzwa uti wake mgumu, hupitishwa juu ya moto hadi lilegee, hutiwa kuku au nyama na mchuzi wa karanga, hukunjwa, hufungwa kwa kamba ya mgomba, kisha huwekwa sufuriani kupikwa kwa mvuke saa mbili au tatu. Anayefunga huhesabu kwa majina: hii ya baba, hii ya jajja (bibi au babu), hii ya kitinda mimba. Leo mkono uliozoea saba umefika jani la saba, ukasita. Hesabu hiyo mama ameimaliza peke yake kabla hamjaamka. Halafu mnaogopa kwamba jina likitajwa saa saba mchana ndipo atakumbuka!

Jina likipigwa marufuku, kila mmoja mezani hudhani ni yeye tu anayemfikiria marehemu. Mama huenda nyuma ya nyumba kana kwamba anafuata maji, hurudi amenawa uso. Watoto husoma nyuso za wakubwa na kujifunza kwamba baba amekuwa mwiko. Na kujizuia kufikiri hakusaidii. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe. Walishindwa, na walipoachiwa baadaye wamfikirie, alirudi akilini mwao mara nyingi zaidi kuliko kwa wale ambao hawakukatazwa kwanza. Kama dubu tu anagoma kutoka, itakuwaje kwa mume wa miaka thelathini?

Wakatoliki hasa hunishangaza kwa woga huu. Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, jina lilelile limesomwa kanisani mbele ya parokia nzima na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Kinachowatisha watu, yaani mama kuzidiwa mbele ya wageni, huja zaidi pale jina linapochomoza bila mpango: saa kumi na moja jioni, watu wamechoka, na shemeji mwenye chupa ya tatu anaanza kusimulia siku ile ya hospitali. Basi litajeni mapema, kwa utaratibu. Utaratibu wenyewe ni huu.

Kufikia tarehe 20 hivi, mtu mmoja aliye karibu na mama ampigie simu, na simu hiyo iwe ya kuuliza: “Mama, tungependa kumtaja baba kabla ya kula. Tumtaje kwenye sala, tunyamaze dakika moja, au mmoja aseme neno? Nani aseme?” Akijibu kwamba mwaka huu hapana, nyamazeni, lakini hapana hiyo iwe imetoka kwake. Mjomba hana mamlaka ya kuitoa kwa niaba yake. Jibu lake liandikwe kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, ili anayefika na basi la usiku asije na mpango mwingine.

Wakati wake ni kabla ya chakula, watu wamekaa na vyungu bado vimefunikwa. Dakika mbili au tatu zinatosha. Msemaji awe mtu anayeweza kufikia mwisho wa sentensi: mkwe, mjukuu mkubwa, jirani wa siku nyingi. Mjane asipewe kazi hiyo, kitinda mimba asipewe, na tafadhali msikodi spika wala mshereheshaji. Aseme jina kama mlivyozoea kumwita, jambo moja alilolifanya kila Krismasi, ashukuru, amina. Ugonjwa, hospitali, nani alichelewa kutuma pesa, hayo yasiguswe.

Amina ikishatoka, sahani zianze kuzunguka papo hapo. Mpangeni mtu wa kufunua chungu cha kwanza, kwa sababu kimya kinachoning'inia baada ya sala huumiza kuliko sala yenyewe. Anayelia aachwe alie pale alipokaa. Msimvute chumbani, msimwimbie pambio juu ya kichwa, msimwambie “jikaze.” Mwekeeni maji na kitambaa. Wengi hunyamaza wenyewe baada ya dakika chache na kula, na mara nyingi hula vizuri kuliko siku zote za wiki hiyo.

Familia nyingi pia hugawana huzuni na kusahau kugawana kazi. Orodhesheni alichokifanya marehemu kwa mikono yake: nani alichinja kuku, nani alikwenda saa kumi usiku kuchukua fungu lenu la ng'ombe mliyechangia na majirani, nani aliongoza sala, nani aliwapa watoto pesa ya soda. Kila kazi iwe na mtu kabla ya tarehe 24. Kazi isiyo na mwenyewe huonekana mchana kweupe. Firigisi ndiyo mfano wangu. Nyumba nyingi humpa baba. Baba hayupo, hakuna aliyeamua, basi firigisi inazunguka sahani hadi sahani, kila mtu anaikwepa, mwishowe inarudi jikoni na mama anaiona. Aamue yeye mapema. Mimi hupendekeza ikatwe vipande vidogo wagawiwe wajukuu. Sipendi ikabidhiwe mtoto mmoja wa kiume mbele ya ukoo, kwa maana wazee waliokaa hapo wataisoma kuwa ametajwa mrithi, na mtakuwa mmeanzisha kesi kwa kipande cha kuku.

Luwombo ya saba nayo ina dawa mbili. Fungeni sita, au fungeni saba na muamue ile ya saba inakwenda kwa nani, kwa mfano mzee jirani anayeishi peke yake, na mtoto atumwe kuipeleka ikiwa moto. Msiifunge kwa mazoea mkaiacha sufuriani.

Na kama kuna jambo la kunyamaziwa tarehe 25, ni kibanja. Ajabu ni kwamba nyumba zilezile zinazokataza jina la marehemu huruhusu mgawo wa ardhi yake ujadiliwe kabla vyombo havijaoshwa. Mjane ajue tu kwamba, kwa sheria ya urithi ya Uganda ilivyorekebishwa mwaka 2022, marehemu akiwa hakuacha wosia, mali hugawanywa 20% kwa mwenzi, 75% kwa watoto na wazao, 4% kwa wategemezi na 1% kwa mrithi wa kimila. Nyumba ya makazi ya familia ina ulinzi wake. Kaka wa marehemu anayesema “mimi ndiye mrithi, hama” ana asilimia moja ya kujitetea nayo. Kikao hicho kifanyike Januari, mchana, watu wakiwa hawajanywa.

“Mwaka huu Krismasi ifutwe” na pacha wake, “Kila kitu kiwe kama zamani”

Zote mbili hushindwa kwa sababu moja: zinadhani mfiwa yuko mahali pamoja siku nzima. Watafiti wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya kuukabili msiba wenyewe na kushughulikia maisha yaliyobaki, na kwamba kwenda na kurudi huko ndiko kunakomponya. Saa tatu analia, saa nne anacheka vituko vya mtoto. Hajamsaliti mtu. Siku isiyo na sherehe kabisa humbana upande mmoja, na sherehe nzima bila pengo humbana upande wa pili.

Fanyeni hivi: kila mmoja, watoto wakiwemo, ataje kitu kimoja ambacho bila hicho si Krismasi, na kimoja asichokiweza mwaka huu. Cha kwanza kibaki, cha pili kiondoke. Watoto karibu wote watataja nguo mpya na soda, na hayo ni rahisi. Mama mara nyingi hataki wageni arobaini. Basi waje kumi. Kama benchi la kanisani ambako mlikaa naye linawashinda asubuhi ya 25, nendeni misa ya mkesha. Kaburi lililo uani lifyekewe majani na kufagiliwa tarehe 23 au 24, pamoja na watoto, ili asubuhi ya sikukuu asiwepo anayelipita akiona aibu.

“Tukimaliza matanga, huzuni imekwisha”

Okwabya olumbe kwa Waganda, guru lyel kwa Waacholi: hizi shughuli za kumaliza matanga ni nzito na zina kazi yake. Ukoo hukutana, mrithi hutajwa, jamii hufunga mlango wa maombolezo ya wote. Huzuni ya mtu binafsi haifuati kalenda ya ukoo. Krismasi ya pili inaweza kuwa ngumu kuliko ya kwanza, maana ya kwanza ilijaa watu na mwili bado ulikuwa umekufa ganzi. Ya pili hakuna anayepiga simu. Wekeni alama kwenye kalenda ya mwaka wa pili, mumpigie.

Kwa kuwa ukoo wote uko nyumbani Desemba, wengi hupachika shughuli hiyo papo hapo kwenye sikukuu. Iwekeni tarehe 28 au baadaye. Ikiangukia 24 au 26 inameza Krismasi ya watoto, na kila mwaka watakumbuka hema na vumbi.

Wengine huniuliza wako “hatua ya ngapi” kati ya tano. Hatua hizo Elisabeth Kübler-Ross aliziandika mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa. Hazikutoka kwa wafiwa, wala hazina foleni. Kinachonihusu zaidi ni uzito. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, unatambua majonzi yaliyopitiliza pale yanapodumu zaidi ya miezi sita, kupita kiasi cha mila za mahali, na kumzuia mtu kuishi: hafanyi kazi, halishi watoto, hatoki chumbani. Huyo apelekwe kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, au Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, kwa walio Kampala. Anayesema anataka kumfuata marehemu hasubiri miezi sita wala sikukuu kuisha. Apelekwe leo, na asiachwe peke yake njiani.

“Watoto waambiwe baba amesafiri”

Huu ndio uongo mbaya kuliko wote kwa Desemba ya Uganda, kwa sababu huu ndio mwezi ambao kila aliyesafiri hurudi. Baba wa jirani amerudi kutoka Kampala, shangazi amerudi kutoka Dubai na mabegi. Mtoto wa miaka sita atakwenda steji kusubiri basi, na jioni ataamua kwamba baba hakutaka kuja. Tumieni neno lenyewe: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi. Aliye chini ya miaka mitano hivi atauliza tena kesho, kwa kuwa bado haelewi kwamba kifo hakina kurudi. Mjibuni kwa maneno yaleyale. Akikimbia kucheza mpira baada ya jibu, mwacheni. Watoto huomboleza kwa vipande vifupi.

Mengine ya haraka

“Muumini halii.” Wanaonukuu 1 Wathesalonike 4:13 waisome hadi mwisho: inakataza kuhuzunika kama wasio na tumaini, haikatazi kuhuzunika. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, Yohana 11:35, na alikuwa anajua atakachofanya dakika chache baadaye.

“Waragi kidogo itamsaidia alale.” Pombe huharakisha usingizi na kuukata usiku wa manane, saa ambayo mfiwa hana wa kuzungumza naye. Vidonge vya usingizi vya duka la dawa bila cheti cha daktari ni vibaya zaidi, na vikichanganywa na pombe vinaweza kusimamisha pumzi. Kama kuna wa kulewa sikukuuni, atalewa jioni ya tarehe 26 wageni wakishaondoka, basi muwe mmekubaliana mapema nani analala nyumba hiyo hadi asubuhi ya 27, na nani anashika ufunguo wa kabati la chupa.