Satelaiti haioni kufuli ya choo: dhana potofu kuhusu ramani shirikishi Nairobi

Ukisema kwamba wakazi wa mtaa fulani hapa Nairobi wanachora ramani ya mtaa wao, swali la kwanza huwa lile lile: ya nini, na Google ipo?

Ni kweli, picha za satelaiti zinaonyesha kila paa la mabati kuanzia Kibera hadi Mathare. Hazikuambii kama chini ya paa kuna duka la dawa, kanisa au vyumba vya kupanga. Hadi 2009 Kibera, pamoja na umaarufu wake wote, ilikuwa karibu pengo tupu kwenye ramani za intaneti. Mwaka huo mradi wa Map Kibera uliwapa vijana wa huko huko vifaa vya GPS, wakapita kijiji kwa kijiji wakiweka kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya intaneti ambayo yeyote anaweza kuihariri, vituo vya maji, vyoo, shule, kliniki na vichochoro.

Chukua choo kimoja tu. Kwenye picha ni kibanda kama vibanda vingine. Anayekitumia ndiye anayejua kwamba ni cha kulipia, kwamba giza likiingia kinatiwa kufuli, kwamba shimo likijaa uchafu humwagwa mtoni. Afisa wa afya anayefuatilia kipindupindu akipewa idadi ya vyoo bila habari hizo, hajapewa kitu.

“Lakini wakazi si wataalamu.” Hii hunichekesha, maana kisa ambacho wataalamu wenyewe hukipenda kinasema kinyume. Mwaka 1854 kipindupindu kilipolipuka Soho, London, daktari John Snow alionyesha kwamba vifo vilizunguka pampu ya maji ya Broad Street. Anayesahaulika ni Henry Whitehead, kasisi wa mtaa huo, ambaye mwanzoni hakukubaliana na Snow hata kidogo. Yeye aliwajua watu nyumba kwa nyumba, na ndiye aliyegundua habari za mtoto mchanga aliyeugua nyumba namba 40: maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la maji taka lililokuwa karibu na kisima cha pampu ile. Tena mpini wa pampu ulikuwa umeshang’olewa kabla ramani maarufu ya Snow, ile inayoonyesha vifo hivyo, haijachapishwa. Snow mwenyewe alikuwa ameshauliza majirani kabla ya hapo. Mhandisi wa kupima mteremko wa bomba la maji taka anahitajika, hilo halina ubishi. Ila hawezi kukisia mtaro upi hufurika kwanza mvua ikinyesha.

Dhana inayoniudhi zaidi ni hii: “Tulishawashirikisha, tuliita baraza.” Baraza la saa nne asubuhi, siku ya kazi, linahudhuriwa na nani? Wenye ploti, wazee wa kijiji, na wachache waliokosa kibarua siku hiyo. Wapangaji wako viwandani Industrial Area, mama mboga alishatoka kwenda soko la Marikiti alfajiri. Na mwenye ploti na mpangaji wake hawaoni mtaa kwa jicho moja. Nafasi wazi kati ya nyumba, kwa mmoja ni mahali pa kuongeza vyumba viwili. Kwa mwingine ndiyo njia pekee ya kukimbilia moto ukizuka. Ukiwauliza wenye ploti peke yao, utachora ramani ya kodi za nyumba. Katiba ya 2010 inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, kwenye kifungu cha 10. Haikutaja soda na karatasi ya kutia sahihi.

Mukuru walijaribu njia ngumu zaidi. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la upangaji, yaani eneo linalotengenezewa mpango wake wenyewe. Ni mitaa yenye kaya zipatazo 100,000, na sehemu kubwa ya ardhi yake ina hati za watu binafsi. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na washirika wake waliwapanga wakazi kuanzia makundi ya nyumba kumi kumi, ili hata anayerudi kazini usiku awe na wa kumsemea. Takwimu zilizokusanywa huko zilikuwa zimeshaonyesha kwamba maskini wa Mukuru hulipia maji ghali kuliko wakazi wa mitaa rasmi yenye mabomba ya maji ndani ya nyumba.

Wengine hudhani ramani ikijaa mengi ndiyo bora. Hapana. Nyumba ya anayetumia dawa za HIV au mahali anapojificha mwanamke aliyepigwa havina haki ya kuwa nukta ya rangi kwenye simu ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la data nyeti.

Wapo pia wanaoamini kwamba kazi huisha ramani ikishabandikwa ukutani kwa chifu. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali ilibomoa nyumba zilizokuwa kando ya mito, Mukuru na Mathare zikiwemo. Ramani ya mwaka uliotangulia ikawa inaonyesha familia zisizokuwepo na kuacha zile zilizohamia uchochoro wa nyuma. Kwa hiyo bajeti ya ramani ikiletwa mezani, mimi hutafuta kwanza mstari wa nauli na vifurushi vya data vya vijana watakaopita tena mwakani. Mara nyingi haupo.