Kutunza malikale nako kunaponya, tuanzie Ujiji

Watu wakitusikia sisi wa malikale, yaani urithi wa kale, tunaongelea afya wanacheka, eti nyie kaeni na magofu yenu hospitali waachieni madaktari, sawa, lakini katiba ya WHO, Shirika la Afya Duniani, inayotumika tangu 1948 inasema afya sio kutokuumwa tu, ni mwili, akili na maisha yako na wenzako, na hapo kwenye wenzako ndo tunapoingia sisi.

Chukua Ujiji, kule Kigoma. Mgeni anapelekwa kwenye kumbukumbu ya Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, anaambiwa mwandishi Stanley alimkuta hapa 1871, anapiga picha anasepa. Ila hii ndo njia ya misafara ya kwenda Bagamoyo kupitia Tabora, zimepita pembe za ndovu na wamepita watu kwenye minyororo, na wajukuu wa waliofungwa na wa waliofunga wanaishi humo humo, wanaoana, wanazikana, lakini hiyo habari haigusiwi vya kutosha. Kufagia eneo na kupaka rangi kibao bila kuwapa wenyeji nafasi ya kusimulia upande wao ni nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi.

Sasa nenda Nyarugusu kule Kasulu, kambi ya wakimbizi iliyoanza 1996. Warundi wana ngoma yao ya kifalme, UNESCO waliiingiza kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika 2014, gogo la mringaringa linachimbwa ndani halafu ngozi ya ng'ombe inawambwa kwa vigingi vya mti. Ngozi ikichanika nani anajua kuwamba? Anajua mzee mmoja ambaye kutwa kakaa tu anasubiri mgao, mkimwita afundishe vijana waliozaliwa kambini anakuwa mtu tena, anaulizwa, anagomba, anawacheka wanavyokosea. Kupiga nako kunasaidia jamani, mnahema pamoja mnatoa stresi, ila kwa mtazamo wangu dawa kubwa iko kwenye matunzo, maana kazi ya ngozi haiishi siku moja, lazima kesho mkutane tena.

Tahadhari kidogo. Usimlazimishe mtu kusimulia vita au msiba wake mbele za watu, wengine mkiwagusa hapo wanarudi nyumbani wakiwa na hali mbaya zaidi, kwa hiyo muwe na mtu wa afya ya akili karibu, hata nesi mwenye uzoefu. Na yule asiyelala siku nyingi, anayesikia sauti au anayesema bora afe, msimpigie ngoma, mpelekeni kituo cha afya au hospitali ya mkoa ya Maweni, Kigoma, siku hiyo hiyo, ngoma atazikuta.